Kabla Hujatoa Ankara ya Kwanza Ujerumani: Vidokezo 11 kwa Anayejiajiri

Kazi kwa wenye Kiswahili huko Ujerumani zipo. Mahakama, polisi na BAMF, ofisi ya shirikisho inayosikiliza maombi ya wakimbizi, huwaita wakalimani kwa ajili ya watu wanaojieleza kwa lugha yetu, wakiwemo Wakongo na Warundi. Deutsche Welle inatangaza kwa Kiswahili tangu 1963. Vyuo vya elimu ya watu wazima huchukua walimu wa lugha, na kijana anayejua kuandika programu za kompyuta anaweza kupata mteja Hamburg bila kuajiriwa na mtu. Nyingi ya kazi hizi hulipwa kwa ankara, si kwa mshahara, na ili utoe ankara ni lazima kwanza serikali ikujue.

Nimeona watu hodari, wenye wateja wazuri, wakikosa usingizi kwa sababu ya barua moja ya kodi ambayo ingeepukika kabisa. Utaratibu wenyewe ni mrefu lakini una mantiki, mradi uufuate kwa mpangilio. Haya ndiyo ningemwambia mdogo wangu akishuka Frankfurt kesho.

1. Soma kibali chako cha ukaazi neno kwa neno

Hapa ndipo pa kuanzia, kabla ya kodi na kabla ya kuchapisha kadi za biashara. Kwenye kadi ya ukaazi, au kwenye karatasi ya ziada inayoambatana nayo, imeandikwa kazi unayoruhusiwa. Ikisema "Erwerbstätigkeit erlaubt", unaruhusiwa kuajiriwa na kujiajiri pia. Ndivyo ilivyo kwa wengi waliomfuata mwenza wao na kwa waliokubaliwa kuwa wakimbizi. Ikitaja "Beschäftigung" peke yake, unaruhusiwa kuajiriwa tu.

Wanafunzi, hapa nawasihi msikilize. Zile siku 140 za kazi kwa mwaka mlizopewa na sheria ni za kuajiriwa. Kutafsiri cheti kimoja cha kuzaliwa siku ya Jumamosi ukalipwa kwa ankara ni kujiajiri, na kunahitaji ruhusa ya Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, kabla hujaanza. Ruhusa hiyo huombwa kwa barua inayoeleza ni kazi gani, saa ngapi kwa wiki, na kwamba masomo hayatayumba. Kifungu cha 21 cha sheria ya ukaazi kinaipa ofisi mamlaka ya kuitoa. Subiri jibu la maandishi ndipo uanze.

Kwa aliye bado Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kifungu hichohicho cha 21 ndicho msingi wa viza ya kujiajiri. Jiandae kuonyesha mpango wa kazi, fedha za kuanzia, bima, na barua za wateja walioko Ujerumani wanaotaka kukupa kazi. Barua hizo zina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Aliyevuka miaka 45 huulizwa pia uzeeni atakula nini, kwa hiyo aende na ushahidi wa akiba au pensheni. Na viza ya matembezi, kwa kawaida, haigeuzwi kuwa ya kujiajiri ukishafika. Utaambiwa urudi ukaombe nyumbani.

2. Pata anwani inayokubalika, na jina lako liwe kwenye sanduku la barua

Ukihamia nyumba una wiki mbili za kujiandikisha Bürgeramt, ofisi ya wakaazi, ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Kwa hiyo kabla hujalipa kodi ya chumba, uliza: utanisainia? Vyumba vya bei nafuu visivyo na saini hiyo ni vingi, na vinakwamisha kila kitu kinachofuata.

Baada ya kuandikishwa unatumiwa kwa posta namba ya utambulisho wa kodi yenye tarakimu 11, ambayo ni yako maisha yote. Posta ya Ujerumani humtafuta mtu kwa jina lililobandikwa kwenye sanduku. Ukiishi kwa rafiki na jina lililopo ni lake tu, barua zako zitarudi zilikotoka, na tarehe za mwisho zilizoandikwa ndani yake zitaendelea kuhesabiwa.

3. Jua uko upande gani: Freiberufler au Gewerbe

Kosa la hapa hugharimu, kwa hiyo tulia kidogo.

Sheria ya kodi ya mapato, kifungu cha 18, inataja kazi zinazohesabiwa kuwa za huria: udaktari, uwakili, uhandisi, uandishi wa habari, upigaji picha za habari, ukalimani, utafsiri, na pia kazi za sanaa, utafiti na ualimu. Mwenye kazi hizo ni Freiberufler. Anajiandikisha Finanzamt, ofisi ya kodi, basi. Halipi kodi ya biashara na halazimiki kuwa mwanachama wa chemba ya biashara.

Kazi nyingine karibu zote ni Gewerbe, yaani biashara: duka la mtandaoni la vitenge, usafirishaji wa mizigo kwenda Mombasa, usafi wa maofisi, upishi kwenye sherehe. Hapo unaanzia Gewerbeamt, ofisi ya biashara ya mji wako, unalipa ada ndogo, kisha unakwenda Finanzamt. Kodi ya biashara yenyewe haianzi mpaka faida ya mwaka ivuke euro 24,500, kwa hiyo neno Gewerbe lisikutishe.

Kuna kazi mbili ambazo watu wetu huzifanya sana na ambazo zina mtego. Ya kwanza ni nywele. Utengenezaji nywele Ujerumani ni ufundi unaolindwa na sheria, na saluni inahitaji mtu mwenye cheti cha ufundi mkuu, Meister. Kama unachofanya ni kusuka tu, nenda kaulize Handwerkskammer, chemba ya mafundi ya eneo lako, kabla hujakodi chumba wala kununua viti, na jibu lao ulipate kwa maandishi. Ya pili ni picha. Anayewapigia magazeti picha za habari ni Freiberufler, lakini anayepiga picha za harusi kwa kawaida huhesabiwa kuwa fundi mwenye biashara, na hujiandikisha Gewerbeamt na Handwerkskammer. Ukifanya zote mbili, weka hesabu mbili zilizotengana.

Waandishi wa programu za kompyuta huangaliwa mmoja mmoja. Mwenye shahada na kazi inayofanana na uhandisi mara nyingi hukubaliwa kuwa Freiberufler. Eleza kazi yako kwa undani kwenye fomu, usiandike "kompyuta" ukaishia hapo.

4. Fomu ya Finanzamt ijaze mtandaoni, ndani ya mwezi mmoja

Fomu inaitwa Fragebogen zur steuerlichen Erfassung, na inajazwa kwenye mfumo wa serikali unaoitwa ELSTER. Una mwezi mmoja tangu ulipoanza kazi. Fungua akaunti ya ELSTER mapema, maana sehemu ya namba za kuingilia inakuja kwa barua ya posta.

Kujiandikisha huku ni bure. Baada ya wiki kadhaa unapata Steuernummer, namba nyingine tofauti na ile ya tarakimu 11. Hii ndiyo inayoandikwa kwenye ankara, na ukihamia eneo la Finanzamt nyingine hubadilika. Aliyezoea TIN moja ya TRA au PIN moja ya KRA huzichanganya hizi mbili, na mteja hurudisha ankara.

Kisehemu kigumu cha fomu ni makadirio: unatarajia faida kiasi gani mwaka huu na mwaka ujao? Kumbuka faida ni kinachobaki baada ya gharama za kazi. Andika kiasi unachoweza kukitetea. Ukiandika kikubwa kwa kujipa moyo, utatakiwa kulipa kodi ya awali kwa pesa ambazo hujazipata.

5. Jiandae kwa mwaka wa pili

Huu ndio ushauri ninaouthamini kuliko yote hapa. Mwaka wa kwanza huwa mtulivu: ukikadiria faida ndogo, hudaiwi kitu, pesa zinaingia, na mtu anaanza kujiona ametoka. Kisha unawasilisha hesabu za mwaka ule. Tarehe ya mwisho kwa anayejaza mwenyewe ni 31 Julai ya mwaka unaofuata. Finanzamt inapiga hesabu na kukudai kodi ya mwaka mzima uliopita. Kwa kuwa sasa inajua unapata kiasi gani, inakutaka ulipe pia kodi ya awali ya mwaka unaoendelea, katika tarehe nne: 10 Machi, 10 Juni, 10 Septemba na 10 Desemba. Madai hayo mawili huweza kukufikia ndani ya bahasha moja.

Dawa yake ni akaunti ya pili ya benki. Kila malipo yanapoingia, hamisha sehemu yake siku hiyohiyo. Mimi nashauri theluthi moja kwa mwenye kipato cha kawaida. Atakayeona ni nyingi mno ajue kwamba kinachozidi kitabaki kuwa chake. Mwenye faida ndogo hatalipa kodi ya mapato kabisa, kwa sababu kiasi cha msingi hakitozwi: euro 12,096 kwa mwaka 2025 na euro 12,348 kwa mwaka 2026, kwa mtu asiye na ndoa. Wenye ndoa wanaojaza pamoja hupata mara mbili yake.

Kazi ikipungua katikati ya mwaka, iandikie Finanzamt uombe kodi ya awali ipunguzwe. Ni haki yako, na barua fupi yenye tarakimu mpya hutosha.

6. VAT: chagua ukijua unachochagua

Fomu itakuuliza kama unataka kuwa Kleinunternehmer, mfanyabiashara mdogo. Tangu 2025 hadhi hiyo ni kwa ambaye mauzo yake ya mwaka uliopita hayakuvuka euro 25,000, na ya mwaka huu hayajavuka 100,000. Kwa anayeanza, kikomo cha mwaka wa kwanza ni hizo 25,000. Nasema mauzo, yaani kabla ya kutoa gharama.

Ukiwa mdogo hutozi VAT, na huwezi kurudishiwa VAT uliyolipa ulipoinunua kompyuta. Kama wateja wako ni watu binafsi, familia zinazotafsiri vyeti kwa mfano, hadhi hii inakufaa sana, maana bei yako inabaki chini. Kama wateja ni makampuni na una vifaa vya gharama kubwa vya kununua, piga hesabu kwanza: wao hurudishiwa VAT yao, kwa hiyo asilimia 19 juu ya bei yako haiwaumizi.

7. Bima ya afya ndiyo gharama kubwa kuliko zote

Watu huogopa kodi, na ni sawa waiogope, lakini kinachomaliza pesa za mtu aliyejiajiri Ujerumani ni bima. Ni lazima kwa kila mkaazi tangu 2009, na ukichelewa kujiunga unadaiwa michango ya nyuma. Mwajiriwa hulipiwa karibu nusu na mwajiri. Wewe unalipa yote. Katika bima ya umma, ukijumlisha bima ya matunzo, ni takriban sehemu moja ya tano ya kipato chako. Kuna kiwango cha chini pia, ambacho unakilipa hata mwezi ambao simu haikulia.

Kuna bima ya umma na ya binafsi. Ya binafsi huwa nafuu kwa kijana mwenye afya njema, na mawakala wake ni wepesi wa kukupigia. Tafadhali usisaini kwa haraka. Bei hupanda kadiri umri unavyokwenda, kila mtoto na mwenza hulipiwa peke yake, na ukishavuka miaka 55 kurudi bima ya umma karibu hakuwezekani. Kwenye bima ya umma, mwenza na watoto wasio na kipato huingia bila mchango wa ziada. Mwenye familia, au anayetarajia kuwa nayo, hilo alipime kwa miaka thelathini ijayo.

Shida ni kwamba mlango wa bima ya umma si wazi kwa kila mtu. Ili ujiunge kwa hiari ni lazima uwe umekuwa ndani yake kabla, kwa kuajiriwa au kwa kusoma, kwa muda unaotakiwa na sheria. Anayetoka Afrika Mashariki moja kwa moja na kuanza kujiajiri mara nyingi hubaki na ya binafsi tu. Kwa hiyo aliye kwenye ajira leo na anayewaza kuacha, aende akaongee na bima yake kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Waandishi, wanahabari, wanamuziki na wachoraji, ninyi mna bahati kubwa ambayo wengi wenu hamjaisikia. Kuna Künstlersozialkasse, mfuko wa wasanii ulioko Wilhelmshaven, unaofanya kazi tangu 1983. Ukikubaliwa, mfuko unakulipia nusu ya michango ya bima ya afya, matunzo na pensheni, kama vile mwajiri angefanya. Unahitaji kuonyesha kipato cha sanaa au uandishi kinachozidi euro 3,900 kwa mwaka, na wanaoanza husamehewa sharti hilo miaka mitatu ya mwanzo. Watafsiri wa vitabu huweza kuingia, wa vyeti na hati za mahakama hapana. Maombi yana kurasa nyingi na yanataka mikataba na ankara kama ushahidi. Jaza, usikate tamaa.

8. Ankara iwe na kila kinachotakiwa

Jina na anwani yako, jina na anwani ya mteja, Steuernummer, tarehe ya ankara, namba ya ankara inayofuatana na isiyojirudia, kazi uliyofanya, siku uliyoifanya, kiasi, na VAT. Kama wewe ni Kleinunternehmer, weka sentensi inayosema hutozi VAT kwa sababu hiyo. Andika pia siku ya mwisho ya kulipa. Siku 14 ni kawaida na hakuna atakayekuona mkali.

9. Mali bila daftari hupotea bila habari

Wahenga walilimaliza hili. Freiberufler na wafanyabiashara wadogo hawadaiwi hesabu za kampuni kubwa. Wanatakiwa kuonyesha kilichoingia na kilichotoka, kwenye fomu iitwayo EÜR. Tiketi za treni kwenda mahakamani, kamusi, sehemu ya intaneti inayotumika kwa kazi, kozi ya Kijerumani cha sheria: vyote vinapunguza kodi ikiwa risiti ipo. Zipige picha risiti za karatasi siku hiyohiyo, kwa sababu wino wake hufifia, nawe unatakiwa kuzihifadhi miaka 8.

Kwa msaada wa kodi, sheria inawaruhusu washauri wa kodi waliosajiliwa, Steuerberater, pamoja na mawakili. Vile vyama vya gharama nafuu vinavyowasaidia waajiriwa haviruhusiwi kushughulikia mapato ya biashara yako. Ndugu mwenye uzoefu anaweza kukuelekeza njia, na Mungu ambariki, ila asikujazie fomu kwa malipo. Na barua zinazofika baada ya kusajili biashara, zenye nembo ya tai na kudai ada ya kuingizwa kwenye "rejista", zisome mpaka maandishi madogo ya chini kabla ya kulipa. Nyingi ni matangazo ya watu binafsi yaliyovishwa sura ya serikali.

10. Mteja mmoja tu ni hatari, na walimu wana jambo lao

Ukifanya kazi kwa kampuni moja, kwenye meza yao, kwa saa wanazopanga wao, mfuko wa pensheni wa taifa unaweza kuamua kwamba wewe ni mwajiriwa aliyefichwa. Mzigo mkubwa wa michango ya nyuma humwangukia mwajiri, na ndiyo maana makampuni huogopa na wakati mwingine hukatisha mikataba ghafla. Tafuta wateja wawili au watatu, tumia vifaa vyako, panga bei yako mwenyewe.

Walimu wa Kiswahili, hili ni lenu zaidi. Mwalimu aliyejiajiri bila kuajiri msaidizi analazimika kuchangia mfuko wa pensheni wa taifa, asilimia 18.6 ya faida yake, kipato kikivuka kiwango kidogo kilichowekwa. Wengi huligundua jambo hili wakati deni limeshakuwa la miaka. Tena mwaka 2022 mahakama kuu ya masuala ya hifadhi ya jamii iliamua kwamba mwalimu wa piano katika shule ya muziki ya mji wa Herrenberg alikuwa mwajiriwa, ingawa alilipwa kwa saa kama mtu wa nje. Tangu hapo vyuo vingi vimekuwa vikipitia upya mikataba ya walimu wao. Chuo kikikupa mkataba, uliza moja kwa moja wanakuhesabu vipi.

11. Pesa unazotuma nyumbani zina nafasi kwenye hesabu za kodi

Karibu kila mmoja wetu anamtumia mama, baba au watoto. Sheria ya kodi ya Ujerumani inaruhusu sehemu ya msaada huo kuondolewa kwenye kipato kinachotozwa. Wanaohesabiwa ni mwenza, watoto, wazazi, babu na bibi. Kaka na dada hawamo, na mtoto ambaye tayari unapokea posho yake ya Kindergeld hahesabiwi tena. Kiasi cha juu hufuata gharama za maisha za nchi anakoishi mtu: kwa Tanzania na Kenya ni robo ya kiwango cha Ujerumani, yaani euro 3,024 kwa mwaka 2025 kwa kila mtu anayetegemea, ikipunguzwa kama naye ana kipato chake kinachovuka kiwango fulani.

Masharti ni makali. Tangu 2025 pesa lazima zitumwe kwa benki hadi kwenye akaunti ya yule anayesaidiwa, kwa jina lake. Bahasha uliyomkabidhi shemeji anayesafiri haihesabiki tena. Utahitaji pia fomu ya kuthibitisha uhitaji, inayogongwa muhuri na ofisi ya serikali mahali anapoishi, ambayo kwa wazee wengi wa kwetu ni ofisi ya mtendaji au ya chifu. Na mtu mwenye umri wa kufanya kazi atatakiwa aonyeshe kwa nini hafanyi.

Kama mama hana akaunti ya benki, mfungulie moja sasa, umtumie kwa hiyo kila mara, na taarifa za benki uziweke kwenye faili moja na ankara zako. Kwenye fomu za mwaka ukurasa wa kujaza unaitwa Anlage Unterhalt.